Askofu Cassian Spiss

Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ukapita karibu na Ifakara, kisha maji yake huingia katika mto Kilombero. Ng'ambo ya Kilombero, upande wa kusini, iko milima ya Mahenge. Huko, mahali paitwapo Kwiro, misioni ilijengwa mwaka wa 1902. Wandamba na Wambunga wa bondeni, na Wapogoro wa milimani, walipoiona kwa mara ya kwanza, tayari walikuwa wameiona boma ya Wadachi na askari wake. Basi wengi walidhani ya kuwa misioni na boma ni nyumba mbili za bwana mmoja.

Mwaka ule ule wa 1902 kazi ya misioni zote za upande huu wa nchi ilipata askofu, jina lake Cassian Spiss. Tukiyajua maisha yake tutafahamu jinsi wazee wetu walivyoipokea dini ya Kikristo hapo mwanzo, na kwa nini wengi waliiogopa.

Cassian Spiss alizaliwa mwaka wa 1866 katika Tirol, nchi ya milima mirefu huko Austria. Alipokuwa mtu mzima akawa padre wa shirika la Wabenedikto, kisha akatumwa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1898 akafika kwa Wangoni, akaanzisha misioni ya Peramiho.

Padre huyu alikuwa mtu mwenye bidii ya kujifunza. Alijua ya kuwa mgeni asiyesikia lugha ya wenyeji hawezi kuwafundisha neno. Kwa hiyo aliwasikiliza watu, akaandika maneno yao na taratibu ya usemi wao, hata mwaka wa 1904 habari zake za lugha ya Kingoni na ya Kisutu zikapigwa chapa.

Lakini kulikuwa na jambo moja gumu. Wadachi walikuwa wamejenga boma ya Songea mwaka wa 1897, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Padre Cassian kujenga Peramiho. Watu waliona kwanza bunduki, kisha wakaona msalaba, na walioleta vyote viwili walikuwa na rangi moja na lugha moja. Ni nani angeweza kujua ya kuwa padre alizaliwa Austria, wala si katika nchi ya Wadachi? Kisha ikaja kodi ya kila nyumba. Asiyekuwa na fedha akalazimishwa kufanya kazi, na katika wilaya za pwani watu wakalazimishwa kulima pamba ambayo faida yake hawakuiona. Askari na maakida waliwapiga watu viboko.

Tena mapadre wengine hawakuwa na subira. Karibu na Peramiho alikaa Mputa, nkosi wa Wangoni. Yeye alikuwa na kibanda cha mahoka, mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa. Padre mmoja wa Peramiho akakichoma moto kibanda kile. Huenda padre alidhani ya kuwa ameondoa ushirikina, lakini Mputa na watu wake waliona ya kuwa mababu zao wametukanwa. Moto ule ulizimika siku moja, bali hasira yake haikuzimika.

Mwisho wa Julai 1905 vita ya Maji Maji ikaanza katika nchi ya Wamatumbi, ikaenea upesi kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Siku zile Askofu Cassian alikuwa safarini. Alitoka Kilwa akiwa na mabruda wawili na masista wawili, wakaelekea bara kwa njia ya Liwale, shabaha yao ni Peramiho. Tarehe 14 Agosti 1905, mahali paitwapo Mikukuyumbu, wapiganaji wakawakuta. Wote watano wakauawa. Askofu alikuwa na umri wa miaka 39.

Vita haikukoma hapo. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge, na wengi sana wakaanguka mbele ya bunduki za mzinga. Mwezi wa Septemba misioni ya Peramiho ikachomwa moto, na padre mmoja akauawa. Wadachi nao wakajibu kwa ukali mwingi: wakateketeza vijiji, mashamba na maghala. Njaa ikaja, ikaua watu wengi kuliko risasi. Wadachi wenyewe walihesabu ya kuwa watu 75,000 walikufa. Wataalamu wa siku za baadaye husema ya kuwa walizidi sana hesabu hiyo. Mwezi wa Februari 1906 Mputa na wakuu wengi wa Wangoni wakanyongwa huko Songea. Kabla ya kufa baadhi yao walibatizwa na padre aliyewaendea gerezani.

Baadaye Peramiho ikajengwa tena. Baada ya vita kuu ya 1914 hata 1918 Wabenedikto wa Kidachi waliondolewa, na mwaka wa 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakaja kuishika kazi ya Mahenge na bonde la Kilombero. Polepole, watu wa Ifakara waliposikia jina la misioni, walikumbuka shule na dawa kuliko bunduki.

Askofu Cassian alijifunza lugha ya watu, lakini watu hawakupata nafasi ya kumjua mbali na boma. Na watu waliomwua hawakuwa watu wasio na sababu. Walikuwa wameonewa kwa miaka mingi, na katika siku ya hasira hawakuweza kutenganisha mkono uliowapiga na mkono uliobeba kitabu. Kila aletaye jambo jema na akumbuke hayo. Watu humtazama kwanza aliyeandamana naye, ndipo wasikilize neno lake. Na aingiaye nyumba ya mwenziwe hubisha hodi, akangoja kukaribishwa.