Taytu Betul, malkia aliyeushusha mji kutoka mlimani

Ukisikia Addis Ababa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi ni mkutano wa Umoja wa Afrika. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ulianza kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyechoshwa na baridi.

Taytu Betul alizaliwa kaskazini mwa Ethiopia mnamo miaka ya 1850, katika ukoo wa watawala. Alisoma na kuandika wakati ambapo wasichana wengi hawakufundishwa kabisa, hata wa nyumba kubwa. Mwaka 1883 aliolewa na Menelik, mfalme wa Shewa. Alikuwa ameshapita kwenye ndoa nyingine kabla ya hiyo, na hakuna aliyemchukulia kama bibi arusi wa kunyamaza.

Wakati huo makao ya mfalme yalikuwa Entoto, juu ya mlima unaozidi mita 3,000. Kwa vita palifaa, maana adui anaonekana akiwa mbali. Kwa maisha ya nyumbani palikuwa taabu: upepo, baridi, maji ya kupandisha kwa mgongo, na kuni zilizozidi kuwa mbali kila mwaka. Anayeishi milimani anaelewa ninachosema. Chini bondeni, mahali panapoitwa Filwoha, palikuwa na chemchemi za maji moto, na watu wa ikulu walishuka kwenda kuoga. Taytu alipapenda. Mwaka 1886 alimwomba mumewe kiwanja akajenga nyumba, na mahali pale akapaita Addis Ababa, maana yake ua jipya.

Menelik akaenda vitani Harar. Aliporudi mwaka 1887 alikuta bonde limeanza kuwa mji. Wakuu wa jeshi walipewa kila mmoja eneo lake la kukaa na watu wake, na ndiyo maana mitaa mingine ya Addis imebeba majina ya wakuu hao. Mji haukupimwa kwa kamba. Ulikua kama kambi, nyumba zikizunguka nyumba.

Mwaka 1889 Menelik akawa mfalme wa Ethiopia nzima, na Taytu akavikwa taji naye. Mwaka huohuo ulitiwa saini mkataba wa Wuchale, ambao Italia iliutumia kudai kwamba Ethiopia iko chini yake. Taytu alikuwa mstari wa mbele kuukataa. Vita vilipokuja alikwenda na jeshi lake mwenyewe. Huko Mekele, Waitalia walipojifungia ngomeni, inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeshauri wakatiwe maji, na kiu ikawatoa bila ngome kubomolewa. Tarehe 1 Machi 1896 Waitalia walishindwa Adwa.

Lakini mji wake nusura ufe, na si kwa risasi. Miti iliisha. Kuni za kupikia na mbao za kujengea zilifuatwa mbali sana, hata Menelik akaanza kujenga makao mapya Addis Alem, yapata kilomita 50 magharibi. Kilichouokoa mji ni mkaratusi, mti wa Australia ulioletwa miaka ya 1890. Uliota haraka, ukikatwa unachipua tena, na vilima vya Entoto vikarudi kuwa kijani. Najua wakulima wengi wanaulaumu mkaratusi kwa kunyonya maji, na wana hoja. Kwa Addis, bila mti huo mji ungehama.

Taytu alifungua pia hoteli, mwaka 1907, ya kwanza ya kisasa nchini humo. Waheshimiwa hawakuzoea kulipia chakula nje ya nyumba zao, kwa hiyo mwanzoni ilibidi waonyeshwe.

Menelik alipopooza, Taytu alishika mambo mengi ya nchi mkononi, na hilo liliwaudhi wakuu wengi. Mwaka 1910 walimwondoa. Menelik alifariki mwaka 1913, na mjane wake akarudi Entoto, kulekule kwenye baridi alikokukimbia, akakaa karibu na kanisa la Mariamu. Alifariki Februari 1918 akiutazama mji wake kutoka juu.

Leo mji huo una mamilioni ya watu na unabadilika kwa kasi. Tangu mwaka 2024 barabara zimepanuliwa, na nyumba nyingi za zamani za mtaa wa Piassa, zile za mbao na mawe zenye baraza za juu, zimebomolewa. Wakazi walihamishiwa pembezoni. Serikali inasema inauweka mji safi na wa kisasa, wengine wanalia kwamba kumbukumbu inazolewa na kifusi. Kwa maoni yangu barabara inaweza kupinda kidogo, lakini nyumba ya miaka 100 ikianguka huwezi kuagiza nyingine.

Hoteli ya Taytu iko Piassa hukohuko. Iliungua Januari 2015, sehemu kubwa ikaharibika, ikakarabatiwa. Bado inapokea wageni, na bado inaitwa kwa jina lake.