Walter von Saint Paul-Illaire na Ua la Milimani

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Voi umesimama Mlima Mbololo. Katika msitu wake, penye miamba yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la zambarau lisilopatikana porini pengine popote duniani. Habari za ua hili haziwezi kukamilika pasi na kumtaja Mjerumani aliyekuwa mtawala na, wakati huohuo, mwanafunzi wa Kiswahili.

Walter von Saint Paul-Illaire alizaliwa Berlin mwaka 1860. Alifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1880, akaitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Alijifunza Kiswahili, na mwaka 1890 kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo kilichapishwa Berlin katika mfululizo wa Seminari ya Lugha za Mashariki. Huko ndiko walikoandaliwa maofisa waliotumwa kutawala makoloni. Hivyo basi, sarufi ilitangulia amri. Mwaka 1891 alikabidhiwa wilaya ya Tanga.

Mwaka 1892 aliliona ua la zambarau la ukoo huohuo katika nchi ya Tanga na Usambara, akampelekea baba yake, Ulrich, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Baba naye alilifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliliita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana.

Hata hivyo, Walter hakuwa wa kwanza kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alikwisha kupeleka sampuli London mwaka 1884. Mwaka 1887 alifuata W. E. Taylor, mmisionari yuleyule anayekumbukwa na wanafunzi wa fasihi kwa kuhifadhi tungo za Muyaka. Sampuli zao hazikutosha kuupambanua mmea. Aidha, wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakipita kando ya ua hilo vizazi na vizazi. Lakini katika jina la kitaalamu halikuingia neno lao hata moja.

Walter aliondoka katika utawala wa Tanga mwaka 1910, akafariki dunia mwaka 1940. Kufikia wakati huo, ua lake lilikuwa limekwisha kuzagaa madirishani Ulaya na Marekani, ambako wakulima wa Los Angeles walizalisha aina mpya katika miaka ya 1920.

Ua la Mbololo lilipata jina lake la kitaalamu mwaka 1958, nalo likabeba jina la Taita: teitensis. Mwaka 2015 wataalamu waliiunganisha jenasi ya Saintpaulia na ile ya Streptocarpus. Jina la mtawala likashushwa daraja, likabaki la kundi dogo tu; la Taita halikuguswa.

Lakini jina halina mizizi. Misitu ya asili ya Taita imebaki vipande vipande, na ule wa Mbololo ni wa takriban hekta 200 tu. Mamilioni ya maua ya ukoo huu hustawi vyunguni ughaibuni, ilhali ndugu yao wa Mbololo hana kwao kwingine. Mwamba ukikosa kivuli cha miti, ua litakauka, na Taita itabaki vitabuni tu.