Al-Khalil bin Ahmad, Muomani aliyetutilia irabu

Tukikaa kuhesabu Waomani waliotangaa duniani, sisi watu wa huku hukimbilia mabaharia na masultani. Mimi leo nataka kumtaja mtu ambaye hakuwa na jahazi wala shamba, ambaye amefariki zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na ambaye kila mmoja wetu aliyekaa chuoni na juzuu mkononi ameitumia kazi yake bila ya kulijua jina lake. Huyo ni Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, wa kabila la Azd.

Kwa kauli iliyo mashuhuri alizaliwa Omani mwaka 100 Hijria, ambao ni 718 Miladia. Watu wa Batina wanasema alizaliwa kwao, Wudam, na sijapata kumsikia Mbatina akilizungumza jambo hilo kwa sauti ndogo. Alipelekwa Basra angali mdogo, akasomea huko, akasomesha huko, akafia huko. Basra ya siku zile ilikuwa imejaa Waazd waliotoka Omani, kwa hiyo alikuwa ugenini lakini kati ya jamaa zake, hali ambayo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa.

Kuijua kazi aliyoifanya, lazima kwanza ujue maandishi ya Kiarabu yalivyokuwa kabla yake. Waarabu wa mwanzo waliandika mifupa tu ya neno. Herufi hazikuwa na nukta za kutosha, ba na ta na tha zilikuwa kitu kimoja kwa macho, na irabu hazikuwako kabisa. Mwarabu wa jangwani hakudhurika, kwani neno alikuwa nalo kichwani tayari. Lakini Uislamu ulipoenea kwa Waajemi na wengineo, watu wakaanza kukosea katika kusoma, na kukosea irabu katika Kiarabu ni kumgeuza aliyepiga kuwa aliyepigwa.

Wa kwanza kulitafutia dawa jambo hili anatajwa kuwa Abul-Aswad Ad-Duali, huko huko Basra. Yeye aliweka nukta za wino wa rangi nyingine: nukta juu ya herufi kwa fat-ha, chini kwa kasra, pembeni kwa dhamma. Baadaye, Al-Hajjaj alipokuwa akiitawala Iraq, zikaongezwa nukta nyingine za kupambanua herufi zenyewe, ndizo hizi tulizonazo mpaka leo. Sasa tazama shida iliyozuka. Ukurasa mmoja una nukta za herufi na nukta za irabu, na kinachozitenga ni wino tu. Mwandishi awe na vidau viwili. Akiishiwa na wino mwekundu usiku, kazi imelala. Na msomaji mwenye macho mabovu ndio basi tena.

Al-Khalil akaja na fikra ambayo ukishaonyeshwa unajiuliza mbona haikumjia mtu mwingine. Aliona kwamba irabu fupi na herufi ya kuvuta ni sauti ile ile, iliyozidi ni urefu. Fat-ha ukiivuta inakuwa alif. Dhamma ukiivuta inakuwa waw. Kasra ukiivuta inakuwa ya. Basi kwa nini tutafute nukta? Akaichukua alif ndogo akailaza juu ya herufi, ikawa fat-ha. Akachukua waw ndogo akaiweka juu, ikawa dhamma. Akachukua ncha ya ya akaiweka chini, ikawa kasra. Wino mmoja, kalamu moja. Chukua msahafu wowote hapo nyumbani uitazame dhamma kwa makini: ni waw kweli, kichwa na mkia.

Hakuishia hapo. Shadda aliitoa kwenye kichwa cha shin kilichovuliwa nukta, na hamza akaitoa kwenye kichwa cha ayn, kwa kuwa sauti zote mbili hutoka kooni. Alama hizi hazikupokewa siku moja. Waandishi wa misahafu waliendelea na nukta za rangi muda mrefu, kwa kuogopa kuligusa jambo walilolizoea, na huko Maghribi ziliendelea kuonekana karne nyingi baadaye. Lakini zilizoshinda ni za Al-Khalil.

Mtu huyu alikuwa na sikio la ajabu. Wanasimulia kwamba alipita sokoni, penye mafundi wa kufua shaba, akasikia nyundo zinavyopokezana, na kutokana na hayo akazichambua mizani za mashairi ya Waarabu. Alizitia katika duara 5 zenye bahari 15, na Al-Akhfash akaja kuongeza ya 16. Mwanawe, wanasema, alimkuta peke yake chumbani akiyakata mashairi vipande vipande kwa sauti, akatoka mbio kuwaambia watu kuwa baba amerukwa na akili. Sisi tunaposema bahari za ushairi, na beti, na mizani, maneno hayo yametufikia kutoka katika elimu yake, ijapokuwa tenzi zetu zina hesabu yao nyingine.

Kwa sikio lile lile alianzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitabu cha Ayn. Hakutaka kufuata alif, ba, ta. Alizionja herufi moja moja kinywani, akitanguliza hamza kisha herufi yenyewe yenye sukuni, apate kujua inatokea wapi. Akazipanga kutoka ndani ya koo mpaka midomoni. Hamza hakuitanguliza kwa sababu haitulii, hugeuka geuka. Ha aliiona hafifu mno. Akaanza na ayn, na kitabu kikaitwa kwa jina lake. Halafu akaingiza hesabu. Mzizi wa herufi 2 unageuzwa mara 2, wa herufi 3 mara 6, wa 4 mara 24, wa 5 mara 120. Akawa anajua maneno yote yanayoweza kuwako kabla ya kuuliza yepi Waarabu wanayatumia na yepi wameyaacha. Wanavyuoni wamebishana sana ni kiasi gani aliandika mwenyewe na kiasi gani ni cha mwanafunzi wake, Al-Layth, lakini mpango wenyewe wengi wanakubali ni wake.

Na mwanafunzi wake mwingine alikuwa Sibawayh, Muajemi, aliyeandika kitabu kikubwa cha nahau kinachoitwa Kitabu tu, bila ya jina jingine. Humo Al-Khalil anatajwa mamia ya mara. Pahala ambapo Sibawayh anaeleza kuwa alimuuliza mtu bila ya kumtaja jina, wasomi wanajua ni nani.

Kwa yote hayo alikufa masikini. Aliishi katika kibanda cha matete pale Basra na wanafunzi wake wakitajirika kwa elimu aliyowapa. Sulayman bin Habib wa ukoo wa Muhallab, aliyekuwa mtawala wa Ahwaz, alimtumia mjumbe aende kumsomeshea mwanawe. Al-Khalil alimtolea mjumbe mkate mkavu, akamfahamisha kuwa maadamu anao huo, hana haja na Sulayman. Mauti yake yanasimuliwa hivi: alikuwa akitafuta njia rahisi ya kuhesabu ili hata kijakazi akienda dukani asiweze kupunjwa na muuzaji, akaingia msikitini akili iko huko, akajigonga kwenye nguzo, na akafa kwa sababu hiyo. Ilikuwa baina ya mwaka 170 na 175 Hijria, yaani 786 hadi 791.

Sasa nije kwetu. Mwarabu mtu mzima anasoma gazeti lisilo na irabu hata moja na hasumbuki. Watoto wetu katika skuli za Maskati na Dubai wanafundishwa irabu madarasa ya chini, halafu zinaondolewa. Mzizi na mpangilio wa neno vinamwongoza. Kiswahili hakina mwongozo huo. Andika ba mbili tupu katika khati yetu ya zamani, ambayo mara nyingi pa iliandikwa kwa ba, na mim iliyo kabla ya ba haikuandikwa. Utasoma nini? Baba, bibi, bubu, papa, pamba, pembe, pombe. Yote yanaingia. Ndiyo maana nasema kazi ya Al-Khalil Waarabu waliihitaji kwa msahafu na kwa wanaojifunza, lakini sisi tuliihitaji kwa kila kitu, hata kuagiza mchele. Barua za Kiswahili za zamani sana tulizonazo, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 na kuhifadhiwa Goa, ziko katika khati hii. Tenzi zimeandikwa kwayo. Na karibu kila nyumba ya Kiunguja huku Ghuba ina mkoba au sanduku la barua za namna hiyo, na vijana wanaosoma Kiarabu vizuri wanazitazama wanaona herufi wanazozijua na neno hata moja hawalipati.

Wao wanajua Kiarabu, na Kiswahili wanakizungumza, lakini Kiswahili wamekizoea kwa herufi za Kizungu kwenye simu. Mwenye kuyaunganisha mambo mawili hayo ni bibi au shangazi aliyesomeshwa chuoni, na hao wanapungua kila mwaka. Ushauri wangu ni mmoja: piga picha barua, toa kopi, kaa na mzee akusomee, na wewe tia irabu kwa penseli juu ya kopi.

Hata hivyo irabu hazitamaliza kila kitu. Al-Khalil alitengeneza tatu kwa sababu Kiarabu kinahitaji tatu. Sisi tuna tano. I na e zinagombania kasra, u na o zinagombania dhamma. Walikuwako waandishi wa pwani waliojaribu kuongeza alama, lakini katika barua za nyumbani watu waliandika walivyozoea, wakijua kuwa anayeandikiwa atafahamu.

Kwetu iko barua iliyotoka Unguja wakati wa rupia, kabla ya shilingi kuingia mwaka 1936. Imetiwa irabu zote, khati safi. Katikati kuna mstari unaohusu rupia mia mbili na ndugu wawili, na kitendo chenyewe kina dhamma juu ya kaf. Shangazi yangu anasoma amekupa. Upande wa pili wa ukoo, walioko Sur, wanasoma amekopa. Kila Idi barua inatolewa.