Gandhi na Kikombe cha Maziwa ya Mbuzi

Mtu akienda Jinja kutazama mahali mto Nile unapotoka ziwani, ataiona sanamu ya Mohandas Gandhi. Iliwekwa mwaka 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni humo mwaka 1948. Jinsi alivyopigania uhuru wa Bara Hindi tumesoma katika historia. Mimi nataka kueleza vita vyake vingine, yaani vita vya chakula. Nimevichagua kwa sababu hapa shuleni wako wenzetu wanaosukuma mbali sahani ya posho na maharage, huyu kwa kuogopa kunenepa, yule kwa kutaka kuonyesha kwamba anaweza kujinyima kuliko wengine, mpaka mtu anaanguka mstarini asubuhi.

Gandhi alizaliwa Porbandar tarehe 2 Oktoba 1869, katika jamaa ya Wahindu wasioonja nyama kabisa. Alipokuwa kijana rafiki yake alimshawishi kwamba Waingereza wanatawala kwa kuwa wanakula nyama. Basi akala nyama ya mbuzi kwa siri kando ya mto, na usiku ule akaota kama kwamba mbuzi analia tumboni mwake. Alikula tena mara chache, kisha akaacha, maana aliona vibaya kuwadanganya wazazi wake.

Mwaka 1888 alisafiri kwenda London kusomea sheria. Kabla hajaondoka alimwekea mama yake nadhiri kwamba hatagusa pombe, wala wanawake, wala nyama. Nadhiri hiyo ilimtia njaa kali. Asubuhi alipata uji, lakini mchana na jioni ilikuwa mboga za majani na mkate na jamu, naye aliona haya kuomba vipande zaidi. Alitembea maili nyingi mjini akitafuta mahali pa kula. Siku moja, katika mtaa wa Farringdon, alikuta hoteli ya watu wasiokula nyama. Akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza. Hapo mlangoni alinunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt kinachotetea chakula cha mimea. Tangu siku ile aliacha nyama kwa hiari yake mwenyewe, si kwa ajili ya mama yake tu.

Lakini hakutosheka na hapo. Alipofika Afrika ya Kusini mwaka 1893 alijaribu kula vitu vibichi tu, akaacha alipoona nguvu zinampungua. Mwaka 1912, katika shamba alilokaa na rafiki yake Kallenbach, aliapa kutokunywa maziwa tena. Alikuwa amesoma jinsi ng'ombe wanavyoteswa ili watoe maziwa mengi, tena alitaka kuutawala mwili wake. Ikawa chakula chake ni matunda na njugu. Kila mwaka alipunguza kitu kingine, na kila mara aliona amepiga hatua mbele. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Mwaka 1918 alikuwa amerudi kwao, akizunguka vijijini katika wilaya ya Kheda. Chakula chake kilikuwa hasa njugu zilizosagwa na malimau. Tumbo likaanza kuharisha, naye akaamua kufunga. Siku ya sikukuu mkewe, Kasturba, alipika uji mtamu wa ngano na bakuli la choroko. Gandhi alikusudia kuonja tu, lakini akala mpaka akajaa. Kabla ya saa moja kupita tumbo lilimshika vibaya sana. Alikataa dawa, akakataa maziwa, akakonda, hata akaamini kwamba anakufa.

Madaktari walimwambia kwamba bila maziwa mwili wake hautarudi. Akajibu kwamba ameapa. Mwanzoni mwa mwaka 1919, mjini Bombay, Kasturba alikuwa amesimama kando ya kitanda. Akasema kwamba mumewe alipoapa alifikiria maziwa ya ng'ombe na nyati, basi ya mbuzi yana kosa gani? Gandhi akakubali. Alikunywa, nguvu zikarudi, na mwezi wa Aprili mwaka ule ule aliongoza mgomo wa nchi nzima kuipinga sheria ya Rowlatt. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 60, alitembea kwa miguu maili 240 hivi kwenda baharini kuokota chumvi. Nyama hakuila tena, na maziwa ya mbuzi aliyanywa mpaka alipouawa kwa risasi tarehe 30 Januari 1948.

Yeye mwenyewe hakufurahi. Aliandika katika habari za maisha yake kwamba alishika maneno ya nadhiri akaivunja maana yake, na jambo hilo lilimchoma moyo. Mimi kwa maoni yangu naona Kasturba alikuwa na haki. Mgonjwa haulizwi uji.

Siku hizi tunajua zaidi. Mtu anaweza kuishi vizuri kwa maharage, njugu, nafaka, matunda na majani, lakini vitamini B12 haimo katika vyakula hivyo. Vitamini hiyo ilitengwa mara ya kwanza mwaka ule ule wa 1948. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa imempasa kuipata katika vidonge, au katika chakula kilichoongezwa vitamini hiyo.

Basi, ndugu zangu, anayeacha nyama kwa kuwahurumia wanyama nampa heshima. Lakini autazame na mwili wake kwa huruma ile ile. Na kama mwenzako kila siku anaacha chakula sahanini, usimcheke wala usimsifu. Kaa naye mezani, kisha mwende pamoja kwa muuguzi. Gandhi naye, pamoja na nguvu zake zote za moyo, alihitaji mtu wa kusimama kando ya kitanda.