Jina Letu Katika Chombo cha Roddenberry

Juzi mvua ilitufukuza mashambani, nami nikajikinga katika kibanda cha sinema hapa Gesima. Humo nilibishana na kijana aliyekuwa amemaliza kutazama Star Trek, ile filamu ya mwaka 2009. Yeye alishikilia kwamba Uhura ni jina la Kimarekani. Mimi nikamwambia ni letu. Hakuniamini. Ndipo nilipomsimulia habari za Gene Roddenberry.

Mtu huyo alizaliwa Texas mwaka 1921, akakulia Los Angeles ambako babake alikuwa polisi. Katika Vita Vikuu vya Pili aliendesha ndege za mabomu katika Pasifiki, kisha akawa rubani wa shirika la Pan American. Mwaka 1947 ndege aliyokuwamo ilianguka usiku katika jangwa la Syria, naye, ingawa mbavu zake mbili zilikuwa zimevunjika, akawatoa abiria motoni. Baadaye aliingia polisi kama babake, na akiwa bado katika kazi hiyo akaanza kuuza michezo ya televisheni.

Lililomgeuza, kwa maoni yangu, lilitokea mwaka 1964. Alikuwa akitayarisha mfululizo ulioitwa The Lieutenant, na kipindi kimoja kikagusa ubaguzi wa rangi miongoni mwa wanajeshi. NBC ilikipinga. Katika kipindi hicho aliigiza binti mmoja Mweusi, Nichelle Nichols. Nadhani hapo Roddenberry alijifunza kwamba lisiloruhusiwa kusemwa juu ya Marekani laweza kusemwa juu ya sayari ya mbali na karne zijazo. Nyanya zetu wa Kigusii walilijua hilo zamani: katika emegano, zimwi na sungura husema yale ambayo mkaza mwana hathubutu kuyatamka mbele ya mkwewe.

Star Trek ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Septemba 1966. Nichols alikuwa amekwenda kufanyiwa majaribio akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, na kutoka hapo likapatikana jina la Uhura, afisa wa mawasiliano. Katika kipindi kile cha kwanza Kiswahili kilisikika ndani ya chombo. Hebu fikiri, msomaji: sisi tulikuwa hatujatimiza miaka mitatu ya uhuru, na wakati huo Mmarekani mmoja alikwisha kuiwekea lugha yetu kiti miongoni mwa nyota.

Simfanyi mtakatifu. Alikunywa kupita kiasi, na aliutungia muziki wa ufunguzi maneno ambayo hayakuimbwa katika mfululizo huo, ili tu agawane malipo na mtunzi wake. Mfululizo ulikatizwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Filamu ya mwaka 1979 ilimeza fedha nyingi mno, wenye studio wakampokonya usukani na kumwachia cheo cha mshauri. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1991, na mwaka uliofuata sehemu ya majivu yake ikarushwa angani katika chombo cha Columbia.

Basi akaja J.J. Abrams na filamu ya 2009, vijana wakicheza nafasi za wazee. Sina ugomvi na kufufua hadithi; kila mtambaji huongeza chake. Nilifurahi hata kusikia Uhura akiitwa Nyota waziwazi. Lakini mwanamke huyo anayejivunia lugha za viumbe wa sayari nyingine sikumsikia akitamka sentensi moja ya Kiswahili. Waliofufua walikihifadhi chombo, wakazihifadhi na sare. Lugha waliiacha nje, nao ndio uliokuwa ushahidi kwamba mtu wa kwetu naye yumo safarini. Bila hiyo kijana wa Gesima hutazama saa mbili nzima asijue kwamba ametajwa.

Kijana alinisikiliza mpaka mvua ikaanuka. Ameahidi kukitafuta kile kipindi cha 1966, nami nimemwomba asikitazame kabla sijafika.