Mwana Kupona binti Mshamu: Mama Aliyemuachia Bintiye Urithi Usiokwisha

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake, Swahaba zake na kila anayefuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu wapenzi katika imani, tulijaaliwa kwenda Iyunga, pembezoni mwa jiji la Mbeya katika njia ya kuelekea Tunduma, kwa ajili ya darsa. Baada ya darsa alitujia dada mmoja mzaliwa wa Unguja ambaye kazi ya mumewe ndiyo iliyomfikisha kwenye baridi ile. Ana watoto wanne. Hana mama, shoga wala shangazi wa kumshikia mtoto akapumua. Akatuambia kuwa tangu alfajiri mpaka usiku anapika, anafua, anauguza na anasomesha juzuu, na mwisho wa siku haoni alichokifanya. Kisha akauliza: Sheikh, nikifa leo, nitakuwa nimewaachia nini wanangu?

Tulimjibu kwa aliyotuwezesha Allah. Lakini suali lile halikutuachia njiani tuliporejea, na tukamkumbuka mama mmoja wa visiwani kama sisi, aliyejiuliza suali hilo hilo zaidi ya miaka 160 iliyopita akiwa kitandani. Naye ni Mwana Kupona binti Mshamu, Allah amrehemu.

Asili yake na zama zake

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu, katika miaka ya 1810 hivi. Pate ya zama zile ilikuwa ni kisiwa cha elimu. Mji wa Siu, ulio katika kisiwa hicho, ulijulikana kwa masheikh, kwa mafundi na kwa waandishi walionakili Misahafu kwa mkono, kurasa zake zikapambwa kwa wino wa rangi. Katika mazingira hayo ndimo alimokulia. Alisoma dini, akajua kuandika kwa herufi za Kiarabu, na akaijua sanaa ya tendi kama walivyoijua wanavyuoni wa pwani.

Aliolewa na Sheikh Mataka, mtawala wa Siu, ambaye wengi humwita Bwana Mataka. Sisi wa Unguja tunapaswa kulitaja jambo hili kwa uadilifu: mume wake huyu alikuwa ni mpinzani mkubwa wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 majeshi yaliyotumwa kutoka kwetu kwenda kuutia Siu chini ya utawala yalishindwa na watu wa mji ule. Kwa hiyo nyumba aliyoiendesha Mwana Kupona haikuwa nyumba ya utulivu. Ilikuwa ni nyumba ya mtu wa vita, inayoingia wageni na wajumbe na khabari za kutisha, na mama ndani yake analea.

Alijaaliwa watoto wawili, Muhammad na Mwana Hashima. Kisha Bwana Mataka akafariki, na Mwana Kupona akabaki mjane, na uhasama baina ya mji wake na Zanzibar bado haujapoa.

Ugonjwa na wosia

Baada ya ujane yakaja maradhi. Yalimshika kwa muda wa mwaka mzima, na katika mwaka huo hakupata nafasi ya kukaa na bintiye na kumwambia maneno mazuri aliyokuwa nayo moyoni. Wazazi tuzingatie hapa. Mwana Hashima alikuwa bado mdogo wa kuijua dunia. Baba yake hayupo. Mama anaiona safari yake imekaribia. Mali ya mtawala inaweza kuchukuliwa na maadui, na cheo kinaweza kuanguka. Ni kipi atakachokibeba binti huyu popote aendapo na asinyang'anywe na mtu?

Ndipo Mwana Kupona alipomwita bintiye, akamtaka akae mbele yake na aje na wino na karatasi. Akaanza kwa kumtaja Allah na kumswalia Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), kisha akamtungia utendi wa beti zaidi ya 100. Mwenyewe aliutia tarehe: ni mwaka 1275 Hijria, unaoangukia mwaka 1858 Miladia. Akaufananisha wosia wake na kidani cha lulu na marijani atakachomvisha bintiye shingoni. Wanawake wa nyumba kubwa zama zile waliwarithisha mabinti zao vidani vya kweli. Yeye alijua kuwa dhahabu huuzwa siku ya shida, na maneno ya haki hayauzwi.

Jambo la mwanzo alilomshikisha ni dini: asiiache faradhi, na sunna aifanye kila awezapo. La pili ni tabia: awe na adabu, ulimi wake uwe mwema, awe mkweli, ajiepushe na mambo yasiyo na maana. Akamuusia pia kuwa mhitaji akija mlangoni asimdharau, bali amtendee kwa kadiri ya uwezo wake. Mtu anayekumbuka masikini hali maradhi yamemlaza mwaka mzima, huyo moyo wake ulikuwa na uzima kuliko wengi wetu tunaotembea.

Suala la utiifu kwa mume

Sehemu kubwa ya utendi ule inahusu namna ya kuishi na mume, na hapa pana watu wa namna mbili wanaokosea.

Wa kwanza ni wanaume wanaoushika wosia huu kama fimbo. Wanawasomea wake zao beti za kutii, kuitunza nyumba na kuomba idhini ya kutoka, kisha wao wenyewe wanaingia ndani na matusi. Hawa wameusoma nusu. Mwana Kupona alipowapanga ambao bintiye atafute radhi zao, aliwataja watano: Allah kwanza, kisha Mtume wake, kisha baba, kisha mama, na mume akawa wa tano. Halafu akamsimulia bintiye namna alivyoishi na baba yake: alimuoa kwa furaha, wakaheshimiana siku zote, hawakugombana hata siku moja, wala baya la huyu halikumfika yule. Mauti yalipomjia, Bwana Mataka alimkariria mkewe radhi zake. Na mpaka siku anayotunga, mjane yule alikuwa akiyakumbuka mazoea yao na moyo wake ukimpotea. Kwa hiyo utiifu alioufundisha ulikuwa ni wa nyumba yenye heshima pande mbili. Anayetaka mke kama Mwana Kupona aanze yeye kuwa mume wa namna ile. Na Mtume wetu (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), kama alivyoeleza Mama Aisha (Radhiya Allahu 'anha), alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi ya kuwahudumia watu wake mpaka wakati wa Swala ukiingia.

Wa pili ni wale wanaoutupa wosia wote kwa kusema kuwa ni wa kale. Ni kweli kwamba Mwana Kupona aliishi katika jamii yenye watumwa ndani ya nyumba, na baadhi ya maneno yake yanabeba hali ya zama zile. Hatulazimiki kulichukua hilo. Lakini ukweli, huruma, usafi, subira na kumjua Allah, haya hayana zama.

Walichokipata akina mama

Mwana Kupona alimaliza utendi wake kwa dua ndefu. Alimuomba Allah amponye, akawaombea watoto wake na jamaa zake, akawaombea na Waislamu wote. Kisha akawahimiza wanawake wote wausome na waifahamu maana yake. Hivyo wosia uliotungwa kwa ajili ya msichana mmoja wa Siu ukawa ni wa kila binti wa pwani.

Alifariki katika miaka ya 1860, na miaka hiyo hiyo Siu nayo ikaingia chini ya Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar. Utawala ambao Bwana Mataka aliupigania kwa mizinga ukawa umeondoka. Lakini maneno ya mkewe yalibaki. Yalihifadhiwa vifuani, yakanakiliwa kwa mkono Lamu, na mwaka 1934 yakachapishwa kitabu huko Uingereza. Leo vijana wetu wanayasoma katika vyuo vikuu, ilhali majina ya wengi waliobeba silaha katika vita vile hayajulikani.

Ndugu zetu, Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ametuusia wazazi wawili, kisha katika Surat Luqman na Surat Al-Ahqaf akataja taabu za mama peke yake: kubeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kuzaa kwa mashaka, na kunyonyesha. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa nani anayestahiki zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Na Bibi Hajar alipokimbia baina ya Safa na Marwa kumtafutia mwanawe maji, hapakuwa na mtu wa kumuona wala wa kumsifu. Allah akaijaalia mbio ile ya mama kuwa ni ibada, na mahujaji wanaifanya mpaka leo.

Na tunajua katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Tunataraji kuwa elimu ile yenye manufaa Mwana Kupona ameipata, na kila binti anayetengenekewa kwa wosia wake ni ujira unaomfuata kaburini, in sha Allah.

Basi dada yetu wa Iyunga, nawe mama uliyeko Unguja, Pemba au popote, jibu letu ni hili. Si lazima utunge utendi. Juzuu unayomsomesha mwanao huku sufuria iko motoni, dua anayoisikia kwako kabla ya kulala, ukweli unaomzoesha, hicho ndicho kidani unachomvisha. Ila tunakuombeni jambo moja: msingoje maradhi. Mwana Kupona alipitiwa na mwaka mzima hajapata kusema. Muite mwanao leo, mkae, umwambie.

Nasi akina baba tusiwaachie peke yao mzigo huu. Tuwapunguzie kazi, tuwape nafasi ya kupumzika na ya kusoma, na tuwatamkie radhi zetu wakiwa hai wanatusikia. Bwana Mataka alimkariria mkewe radhi kitandani pa mauti, lakini alikuwa ameziishi kabla ya hapo. Na ambaye mama yake yu hai, ampigie simu kabla ya Swala ijayo.

Tunamuomba Allah amsamehe Mwana Kupona binti Mshamu, alitanue kaburi lake, awalipe kheri mama zetu waliotangulia, na awape subira na ujira mama wanaolea hivi sasa. Amin.

Wallahu A'lam.