Du Fu na Paa la Nyasi

Msomaji, wewe unajua jinsi upepo mkali unavyoweza kung'oa nyasi za paa, na mvua inafuata nyuma. Zamani sana, huko Uchina, mtu mmoja alipatwa na jambo hilo akalitungia shairi. Mtu huyo aliitwa Du Fu.

Du Fu alizaliwa mwaka 712. Alisoma sana. Alifanya mtihani wa serikali mara mbili ili apate kazi, na mara zote mbili alishindwa. Alipopewa kazi ndogo, mwaka 755, umri wake ulikwisha pita miaka 40. Akaenda kuwatazama mke wake na watoto. Alipofika mlangoni alisikia kilio. Mtoto wake mdogo alikuwa amekufa kwa njaa.

Mwaka huohuo vita vilianza. Du Fu akahangaika huku na huko pamoja na jamaa yake, mpaka wakafika mji wa Chengdu. Mwaka 760, kwa msaada wa marafiki, alijenga kibanda cha nyasi karibu na kijito.

Hapo alitunga shairi juu ya mvua njema. Anaeleza mvua inayoanza usiku, polepole, wakati mimea inaihitaji. Ukilima, utamwelewa mara moja.

Lakini hali ya hewa hubadilika. Mwaka 761, baridi ilipokaribia, upepo ulivuma ukachukua nyasi za paa lake. Nyingine zilinasa juu ya miti, nyingine zikaanguka madimbwini. Watoto wa kijiji cha jirani wakaziokota, wakakimbia nazo. Mzee akapiga kelele mpaka koo likakauka. Nani angemsikiliza? Akarudi nyumbani akiegemea fimbo yake.

Upepo ukatulia, mawingu yakawa meusi, mvua ikanyesha. Kitanda kikalowa. Blanketi lilikuwa kuukuu, tena watoto walikuwa wamelichana kwa miguu walipokuwa wakilala. Usiku ule ulikuwa mrefu.

Mtu mwingine angelia shida yake tu. Du Fu alianza kuwaza nyumba kubwa sana, yenye vyumba vingi visivyohesabika, isiyotikiswa na upepo wala mvua. Wasomi maskini wote wangekaa humo wakifurahi. Kama angeiona nyumba hiyo, yeye alikuwa tayari kufa kwa baridi katika kibanda chake.

Kweli, aliwataja wasomi tu. Wale watoto waliochukua nyasi hakuwawekea chumba. Huenda kwao pia paa lilivuja.

Baadaye Du Fu aliondoka Chengdu akasafiri kwa mashua. Alikufa mwaka 770, akiwa bado safarini. Mashairi yake kama 1,400 yanasomwa hata leo. Huko Chengdu kibanda chake kimejengwa upya, na watu wengi huenda kukitazama. Kimeezekwa kwa nyasi.